SOMO: MAHALI PA FARAGHA PORINI

Mafungu ya kusoma: Marko 6:30-46, 1 Wafalme 19:1-13, Kumbukumbu la Torati 23:12-14.



Katika somo hili twajifunza namna ya kutafuta mahali palipotulia, mbali na kelele, ambapo jamaa au kikundi cha kanisa kinaweza kupiga kambi siku mbili tatu kwa mapumziko na sala. Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo la watalii. Lakini sisi wa Kenyamonta ni majirani wa Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na yenye eneo la kilometa za mraba 14,763. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kulala humo katika hema, na wengi wetu tumezaliwa na kuzeeka hapa bila kulala humo hata usiku mmoja. Tena, kabla ya watalii, Maandiko yalikwisha kutufundisha habari za kambi.

1. Kwa nini twende faragha?

Mitume walirudi kutoka kazini wamechoka. Watu waliokuja na kwenda walikuwa wengi hata mitume wakakosa nafasi ya kula. Bwana Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwaita kando wapumzike. Eliya naye alipokata tamaa jangwani, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa usingizi, mkate na maji. Mafundisho yalifuata baadaye, kule Horebu, baada ya upepo, tetemeko na moto kupita.

Tuyapime mambo haya katika mtaa wetu. Katekista hulima asubuhi, huzika mchana, husuluhisha ugomvi jioni. Mama hutoka shambani akaingia jikoni. Mtu aliyechoka hivyo hukasirika upesi, husali kwa mdomo tu, na mwisho huacha huduma. Kupumzika ni agizo, wala si uvivu.

2. Tuchague mahali gani?

(a) Ndani ya hifadhi. Sisi wa kutoka pande hizi twaweza kupita Mugumu, kisha lango la Ikoma. Kambi ni za namna mbili. Ziko za umma, kama zile za Seronera na Lobo, zenye vyoo na mahali pa kupikia. Humo mtapakana na wageni wengine. Ziko pia kambi maalum, ambazo hupewa kikundi kimoja peke yake. Hizo ndizo zenye utulivu zaidi, lakini hazina maji wala choo, na sharti ziombwe mapema. Raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni. Ulizeni ada za wakati huo kabla ya kukusanya michango. Gari nalo ni lazima, maana hairuhusiwi kutembea ovyo kwa miguu wala kuendesha usiku.

(b) Katika ardhi ya kijiji. Asiye na nauli ya gari asihuzunike. Kilima chenye miamba na kivuli cha mkuyu chatosha. Hata hivyo ombeni ruhusa kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba au malisho. Ulizeni wazee pia, kwa kuwa viko vilima na chemchemi ambavyo koo zetu huviheshimu tangu zamani kwa ajili ya emisambwa. Mkristo haabudu huko, lakini pia haendi kuwasha moto na kukata miti mahali ambapo jirani yake anapaheshimu. Tukitafuta amani kwa kuleta ugomvi, tumepata nini?

(c) Mahali pasipofaa. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994, na kuingia bila kibali ni kosa kwa sheria. Twawasihi hasa vijana. Ukikutwa humo na panga la kukatia kuni, mlinzi hawezi kujua kwamba ulikwenda kusali. Kesi moja yaweza kumaliza ng'ombe wa nyumba nzima. Vilevile msipige kambi kando ya Mto Mara. Mamba hungoja penye maji, na kiboko hutoka usiku kulisha, akirudi kwa njia yake ile ile.

3. Mpango na usafi wa kambi

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, maana masika yamekwisha na vuli haijaanza. Pigeni hema mahali pa juu kidogo, mbali na mapito ya wanyama, na kabla ya jua kuchwa.

Torati iliwaagiza Waisraeli kuwa na kijiti cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, wachimbe na kufukia. Agizo hilo halijazeeka. Chimbeni choo mbali na maji. Maji ya kunywa yachemsheni. Laleni ndani ya chandarua. Msivae nguo za buluu wala nyeusi penye mbung'o, maana rangi hizo huwavuta, nao huleta malale. Nyama na mabaki ya chakula yasilale hemani, kwa sababu fisi ana pua kali, wala kambi za hifadhini hazina ua. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje wala kunyonya kidonda. Mtulizeni, asitembee, mkampeleke hospitali mara moja. Kwa hiyo kabla ya safari mjue gari litapatikana wapi. Siku ya kuondoka zimeni moto kwa maji, na takataka mzirudishe nyumbani.

4. Faragha ya nani?

Hapa ndipo penye mtihani. Kama wanaume watakaa chini ya mti wakitafakari huku akina mama wakichota maji, wakiokota kuni na kupika, basi kambi hiyo imewapumzisha nusu ya kanisa tu. Pangeni zamu za jikoni, na wanaume washike zamu ya kwanza. Redio na simu zifungwe, isipokuwa simu moja kwa ajili ya dharura. Kila siku itengeni saa moja ya kimya, kila mtu peke yake mahali anapoonekana na wenzake.

Mwisho, tuangalie tena Marko. Makutano waliwatangulia mitume kule faraghani, na Yesu hakuwafukuza. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Ila jioni aliwaaga, akapanda mlimani kusali. Basi mgonjwa au msiba ukiwakatiza kambini, nendeni mkahudumu kwa moyo mweupe. Kisha pangeni siku nyingine, mrudi.

Maswali ya kujadili vikundini

1. Nani katika mtaa wetu amechoka kuliko wote, na nani atashika kazi zake kwa siku tatu?
2. Ni mahali gani karibu nasi panapofaa, na ruhusa iombwe kwa nani?
3. Kwa nini Mungu alimpa Eliya chakula kabla ya maneno?