Kuunda Kicheza-Sauti cha Tarakimu Nyumbani: Funzo kwa Mkusanyaji wa Fasihi Simulizi

Kwa miaka mingi, tungo simulizi za pwani na taarabu ya Mombasa, zikiwemo nyimbo za Juma Bhalo, zilihifadhiwa katika kanda za kaseti. Utepe wa kanda huchakaa, na kila uchezwapo hupoteza kitu. Mkusanyaji azihamishiapo sauti hizo kwenye tarakilishi hukabiliwa na swali la pili: mzee aliyeughani utenzi, asiye na tarakilishi wala simu ya kisasa, atausikiaje tena? Makala haya yanaangazia jibu moja la gharama ndogo, yaani kicheza-sauti kinachoundwa nyumbani.

Ikumbukwe kuwa sauti ni wimbi lisilokatika. Mashine ya tarakimu hulipima wimbi hilo na kukiandika kila kipimo kama nambari. Kwenye CD, upimaji hufanywa mara 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na idadi ya vipimo sharti izidi maradufu ya hiyo. Kwa njia hii, wimbo wa dakika tatu huchukua takribani baiti milioni 32. Mfumo wa MP3, uliotokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya watafiti wa Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, huziacha sauti ambazo sikio halingezitambua kwa kufunikwa na nyingine zenye nguvu zaidi. Wimbo uo huo hushuka hadi baiti milioni 3 hivi. Lakini kilichoachwa hakirudi. Nakala ya hifadhi basi na iwe ya WAV. Ile ya MP3 ni ya kusikilizia tu. Kufuta WAV ili kuokoa nafasi ni hasara isiyo na tiba.

Kiini cha kifaa chenyewe ni kibao kidogo, mfano wa stempu ya barua, kiitwacho DFPlayer Mini. Kibao hiki husoma kadi ya microSD isiyozidi gigabaiti 32, huifumbua MP3 na kuikuza sauti. Betri tatu za volti 1.5 zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 4.5, nazo zatosha: ncha chanya huenda VCC, hasi huenda GND. Spika ndogo ya omu 8 hulehemiwa kwenye SPK_1 na SPK_2, wala waya wake usiguse GND. Kitufe kimoja huunganisha IO_1 na GND, cha pili IO_2 na GND. Kubonyeza kidogo hurudi nyuma au husonga mbele. Kushikilia hupunguza au huongeza sauti.

Hapa pana jambo ambalo fundi wa muziki huenda asilijali, ila mwanafasihi hana budi. Vitufe hivi havifuati majina ya faili, bali utaratibu ambao faili zilinakiliwa kwenye kadi. Nyimbo zikichanganyika, msikilizaji hapotezi mengi. Utenzi uliokatwa vipande kumi ukichanganyika, shujaa huzikwa kabla ya kuzaliwa! Yafaa kadi isafishwe kwa mfumo wa FAT32, kisha vipande vinakiliwe kimoja kimoja, cha kwanza kwanza.

Kwa msikilizaji ambaye macho yamefifia, kitufe cha kusonga mbele kibandikwe kipande cha kitambaa ili vidole vikitambue. Betri nazo zitenganishwe kwa swichi, kwani kibao huendelea kula umeme hata kikinyamaza.