NYOKA WA SUMU KATIKA LUPANGO

Somo la afya kwa wagonjwa na watu wa kanisa

Musome kwanza: Matendo ya Mitume 28:1-6

Ndugu zangu wapendwa, katika sura ile tunasoma habari ya Paulo katika kisiwa cha Malta. Chombo chao kilivunjika, lakini watu wote waliokoka. Mvua ilikuwa ikinyesha, na wenyeji waliwasha moto kwa ajili ya baridi. Paulo hakukaa bure, alikwenda kuokota kuni. Basi nyoka alikuwa ndani ya kuni zile. Aliposikia joto ya moto alitoka, akamushika Paulo mukononi.

Tutazame mambo mawili. La kwanza: nyoka yule alikuwa amelala ndani ya kuni, kama nyoka wanavyolala hata leo ndani ya kuni zetu. La pili: watu waliosimama pale walihukumu upesi. Waliwaza kwamba Paulo ni muuaji, na kwamba haki imemufuata. Walikosa. Hata kwetu watu wanafanya vile. Mutu akiumwa, wengine wanauliza: Nani alimutuma nyoka huyu? Wanaanza kumushitaki jirani ao mama mukwe, wanatafuta mupiga ramli, na saa zinapita. Lakini sumu haingojei mashauri yetu. Somo hili ni juu ya saa zile, kwa sababu watu wengi wanakufa kwa kukawia.

1. KWA NINI NYOKA ANAKUJA KWETU

Nyoka hatafuti mutu. Anatafuta chakula, na pahali pa kujificha. Chakula chake ni panya, vyura, vifaranga na mayai. Kama unaacha muhindi na karanga katika kona ya nyumba, unaita panya. Na panya akikuja, nyoka anamufuata. Kama majani ni marefu mpaka mulangoni, umemupa njia. Kama matofali ya zamani na kuni ziko karibu na ukuta, umemujengea nyumba.

2. TULINDE LUPANGO LETU

Kata majani pande zote za nyumba, na fagia uwanja kila siku. Weka kuni mbali na nyumba, juu ya miti miwili, zisilale chini. Ukichukua kuni, gusa kwanza kwa fimbo, kisha mukono. Ziba matundu ya ukuta kwa udongo. Weka chakula katika chombo chenye kifuniko. Jenga kibanda cha kuku nje, usilale nao nyumba moja.

Usilale chini. Kama huna kitanda, jenga cha miti. Lala ndani ya chandarua cha mbu, na ingiza miisho yake chini ya mukeka pande zote. Chandarua kinazuia mbu, tena kinazuia nyoka anayetembea usiku akitafuta panya. Ukienda chooni usiku, chukua tochi ao taa, na fimbo. Katika shamba, vaa viatu virefu vya mupira kama unaweza kuvipata. Asiye navyo apige majani kwa fimbo mbele yake, akanyage kwa nguvu. Mwenye kupanda mungazi kukata matunda atazame vizuri katikati ya matawi, maana nyoka wanapenda kukaa pale.

Wazazi, mukataze watoto kuingiza mukono katika tundu la panya ao katika kichuguu. Watoto wetu wanapenda nyama ya panya, lakini tundu moja linaweza kuwa na wenyeji wawili.

Wengine wanamwanga petroli kuzunguka nyumba. Petroli inaleta hatari ya moto, wala hakuna dawa ya kumwanga iliyohakikishwa kufukuza nyoka. Usafi ndio ulinzi.

3. UKIMUONA NYOKA

Simama. Kisha rudi nyuma polepole. Ita watoto waondoke, na umwachie nyoka njia ya kutokea. Mara nyingi ataenda zake. Watu wengi wanaumwa kwa sababu walitaka kumuua ao kumukamata. Kama ameingia ndani ya nyumba na hataki kutoka, utoe watu wote, na umwite mutu mwenye kuzoea kazi ile. Usimupige karibu, wala usifanye mbele ya watoto ili wakusifu. Na nyoka aliyekufa usimushike. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma.

4. SUMU ZAO HAZIFANANI

Kila kabila lina majina yake ya nyoka, kwa hiyo tutazame zaidi kazi ya sumu.

Nyoka mufupi na munene, ambaye wengine wanamwita kifutu, analala katika njia wala hakimbii mutu akija. Sumu yake inavimbisha muguu ao mukono kwa maumivu makali. Malengelenge yanatokea, na nyama inaweza kuoza. Damu inaweza kutoka katika ufizi, ao katika mukojo.

Swila anasimamisha kichwa na kupanua shingo. Koboko ni mwembamba na mwenye mbio. Sumu ya koboko, na ya swila wengi, inalegeza mwili. Kope za macho zinashuka, ulimi unakuwa muzito, mutu hawezi kumeza mate, kisha pumzi inapunguka. Sumu hii inaweza kuua kwa saa chache, hata mbele ya saa moja kuisha. Musikilize sana neno hili: mutu aliyelegea vile anaweza kuonekana kama maiti, kumbe anasikia kila neno. Musianze kilio. Mutazame kama anapumua. Kama pumzi imekatika, mumupulizie pumzi kwa kinywa, bila kuacha, mpaka kufika hospitali.

Tena kuna swila anayetema sumu katika macho. Osha macho mara moja kwa maji mengi safi, muda wa robo saa ao zaidi. Usitie maji ya majani, wala dawa ya kienyeji. Kisha uende kwa munganga, kwa maana jicho linaweza kupofuka.

5. HABARI YA JIWE NYEUSI

Wengi wenu munalijua jiwe nyeusi. Kwa kawaida ni mufupa wa ngombe uliochomwa motoni. Watu wanakata kidonda kidogo, wanaweka jiwe pale, nalo linashika katika damu. Wanasema kwamba likianguka limemaliza kunywa sumu.

Mimi sitawacheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na jiwe lile katika sanduku la dawa, nilipoanza kazi katika kituo kidogo cha kijiji. Niliwawekea watu wengi, na wengi wao walipona. Walikuja kunishukuru kwa kuku na ndizi. Nilisema, Jiwe hili ni la kweli.

Siku moja walileta kijana wa miaka kama kumi, aliyeingiza mukono katika tundu la panya. Ilikuwa saa kumi ya mangaribi. Baba yake alikuwa na njia ya kupata pikipiki, akaniuliza kama waende hospitali usiku ule. Nilimwambia wangoje, jiwe limekwisha kushika. Usiku mukono ulivimba mpaka bega. Asubuhi damu ilitoka katika ufizi wake. Ndipo tulipomupeleka. Daktari alimupa dawa, na kijana hakufa, lakini mukono ulikuwa umeoza, wakaukata. Siku ya Mungu ninamuona katika kanisa, anashika kitabu cha nyimbo kwa mukono mumoja. Baba yake hakunilaumu hata mara moja. Lakini mimi ninajua ni nani aliyesema wangoje.

Baadaye nilijifunza sababu ya wale wengine kupona. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua mutu. Na hata nyoka wa sumu, mara nyingine anauma bila kutoa sumu. OMS, ni kusema Shirika la Afya la Dunia, wanahesabu kwamba watu karibu milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka katika dunia yote, lakini sumu inadhuru milioni 1.8 mpaka 2.7 tu. Basi, kama watu kumi wameumwa, karibu watano ao zaidi watapona hata ukiwawekea kipande cha makaa. Jiwe linasifiwa kwa ajili ya watu wale. Katika mwaka 2007 wenye elimu walitangaza jaribio lao: walitia sumu ya nyoka wa Afrika katika panya, wengine wakawekewa jiwe nyeusi. Jiwe halikuwasaidia kitu.

Lakini wale ambao sumu imewaingia wako wapi? OMS wanahesabu kwamba watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa kila mwaka, na wanaobaki vilema ni karibu mara tatu ya hesabu ile. Kwa hiyo katika mwaka 2017 waliandika sumu ya nyoka katika hesabu ya magonjwa ya inchi za joto yaliyosahauliwa, ili mataifa yaanze kuyaangalia.

6. MUTU AKIUMWA, TUFANYE HIVI

Kwanza, umutoe mbali na nyoka, na umutulize. Umwambie kwamba kuna musaada. Asikimbie wala asitembee, maana kutembea kunasukuma sumu katika mwili.

Pili, ondoa pete, bangili, viatu na nguo zinazobana, mbele ya kuvimba.

Tatu, funga muguu ao mukono juu ya kipande cha muti kilichonyoka, kama unavyofanya kwa mufupa uliovunjika. Tumia kitambaa, usikaze.

Nne, umuchukue upesi hospitali. Alazwe katika tipoi, kwa upande wa kushoto, ili akitapika asisongwe. Kama ni pikipiki, akae katikati ya watu wawili, wa nyuma amushike.

Tano, mutu mumoja aandike ao akumbuke saa ya kuumwa, na namna dalili zilivyofuatana. Kama mutu ana telefone anaweza kupiga picha ya nyoka kutoka mbali, lakini asimufuate. Daktari anaweza kusaidia hata bila kumuona nyoka.

Tena musifanye mambo haya. Musikaze kamba, kwa sababu kamba inazuia damu na kuozesha nyama. Musikate kwa wembe, maana kama sumu imeharibu damu, kidonda hakitafunga. Musinyonye kwa kinywa. Musitie petroli, wala moto, wala umeme wa betri. Musimupe pombe. Musimupe aspirini, inazidisha kutoka damu. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa kama anaweza kumeza.

7. KAZI YA HOSPITALI

Munganga atatazama mugonjwa, na anaweza kuweka damu yake kidogo katika chupa safi ya kioo, na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Damu nzuri itaganda. Kama inabaki kama maji, sumu imeiharibu.

Dawa ya kweli ni ile inayotengenezwa kwa damu ya farasi, ao nyama mwingine, aliyezoezwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake imejua kuipinga. Inaingizwa katika mushipa, mbele ya munganga, kwa sababu mara nyingine inasumbua mwili. Musishangae kama mutoto anapewa kipimo kimoja na mutu mukubwa: nyoka hakumupunguzia mutoto sumu.

Dawa hii inashika sumu ingali mwilini, lakini haiwezi kufufua nyama iliyokwisha kufa. Hata mugonjwa aliyechelewa siku moja ao mbili aletwe, anaweza kusaidiwa. Lakini anayekuja mapema anapona na mukono wake.

Dawa ile ni ya bei kubwa, na haipatikani katika kila kituo. Kwa hiyo uulize leo, wakati hakuna mutu aliyeumwa: Dawa ya nyoka iko hospitali gani? Njia gani ni fupi? Nani ana pikipiki? Ninawaomba wazee wa kanisa na mashemasi waweke tipoi katika nyumba ya kanisa, na akiba kidogo ya petroli kwa safari kama hizi.

8. IMANI NA DAWA

Wengine wanasema, Paulo hakwenda hospitali, na Marko 16:18 inaahidi ulinzi. Ni kweli kwamba Mungu alimulinda Paulo. Lakini Paulo hakumutafuta nyoka yule, wala hakumushika kwa kuonyesha imani yake. Na Bwana wetu, Shetani alipomwambia ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumujaribu Mungu. Tuombe kwa nguvu, lakini tuombe tukiwa njiani. Musamaria yule wa Luka 10 hakukaa pale kuuliza nani alileta wanyanganyi. Alimupandisha aliyeumizwa juu ya nyama wake, akamufikisha pahali pa kutunzwa. Jirani yako akiumwa na nyoka, ufanye vile.

MAULIZO

1. Nyoka wa Malta alikuwa amejificha wapi? Kuni zako ziko wapi leo?
2. Kwa nini wengi waliowekewa jiwe nyeusi walipona?
3. Taja mambo matano ambayo hatutayafanya kwa mutu aliyeumwa.
4. Mutu amelegea na macho yamefunga. Tutajua namna gani kama ni muzima?
5. Kutoka kijiji chako, dawa ya nyoka iko wapi, na nani atamuchukua mugonjwa usiku?

Kama hukuweza kujibu ulizo la tano, uende kuuliza kesho asubuhi.