Mche wa Aprili

Kila mwaka ikikaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, klabu za mazingira vyuoni huwa na pilikapilika. Basi linakodiwa, fulana zinachapwa, miche inaombwa, picha zinapigwa. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na tarehe yenyewe, hasa pale tunapoibeba hadi vijiji vya kusini kana kwamba mvua ya nchi nzima inanyesha kwa ratiba moja.

Dar es Salaam au Moshi, Aprili ni katikati ya masika. Mche ukiingia ardhini siku hiyo una wiki nyingi za mvua mbele yake. Sasa njoo kwetu Mpitimbi, kata ya wilaya ya Songea mkoani Ruvuma. Huku mvua ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ikifika mwisho wa Aprili imeaga. Songea hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, na karibu zote huanguka ndani ya miezi hiyo mitano. Kwa hiyo mche wa Aprili unapata wiki tatu za maji, halafu unaambiwa usubiri hadi Desemba. Mizizi yake bado haijatoka kwenye umbo la kiriba. Juni na Julai unapigwa baridi, Agosti upepo, Septemba moto wa porini. Ndiyo maana unakuta shule ambayo imepandwa miti miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka mashimo ni yale yale.

Mimi nasoma ualimu, si misitu. Lakini ukoo wetu una kipande cha ekari sita kinachoteremka hadi kwenye kijito, na mwaka huu ni lazima kiamuliwe. Baba mdogo anataka mikaratusi, akate nguzo baada ya miaka kama minane. Bibi anataka pabaki pori, kwa sababu pale chini kuna chemchemi ambayo nyumba kadhaa huitegemea mwezi Oktoba visima vikikauka. Mimi nimepewa kazi ya kuandika mpango wa upande wa bibi: miti na vichaka vya kuwarudishia wanyama na ndege mahali pao, bila kuwaumiza majirani. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza kwa kuusuka mpango huo, na naamini klabu zetu zinaweza kuyatumia.

Kwanza, vitabu. Vingi vinavyoeleza kupanda miti kwa ajili ya wanyamapori vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinasema panda majira ya machipuko, theluji ikishayeyuka. Mtu akitafsiri hivyo hivyo anaweza kukamatika vibaya, maana miombo nayo ina machipuko yake. Septemba na Oktoba, kabla hata tone halijadondoka, miombo huvaa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, pori zima linang'aa. Miti mikubwa inaweza kufanya hivyo kwa sababu mizizi yake inafika chini kwenye unyevu na shina limejiwekea akiba. Mche wa sentimeta thelathini hauna mzizi huo wala akiba hiyo. Machipuko ya miombo ni ishara ya kuanza kuchimba mashimo. Kupanda bado.

Kabla ya kuhesabu miche ya kuomba, hesabu kilichopo. Nilipita kipande chetu Juni nikiwa na daftari na kamba, nikahesabu visiki vilivyo hai: 214. Hapo ni pori lililokatwa kuni na mkaa kwa miaka mingi, mtu akipita anaona majani tu na vichaka. Kumbe mtundu na jamii nyingine za miombo zikikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na mizizi iliyo chini ni ya mti mzima. Ukichagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, ukapunguza mengine na kuzuia moto, unapata mti haraka kuliko mche wowote wa kitalu. Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai, na LEAD Foundation wameieneza sana kwa wakulima wa huko. Ilipata umaarufu Niger miaka ya 1980 kupitia Mwaustralia Tony Rinaudo, ambaye alikuwa amechoka kuona miche anayopanda inakufa. Shinyanga nako, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulifufua ngitili za Wasukuma, yaani maeneo yanayofungwa ili majani na miti vijirudie. Katika njia hizi mbili kazi kubwa inafanywa na mizizi na mbegu ambazo tayari zimo ardhini, wala huhitaji lori la miche.

Mninga unastahili maelezo yake, kwa sababu ndio mti unaowapotezea walimu na wanafunzi imani. Mche wa mninga katika miaka yake ya mwanzo hufa sehemu ya juu kila kiangazi. Unakauka kabisa, unabaki kijiti. Chini, mzizi unaendelea kunenepa. Mvua ikija unachipua upya, kiangazi unakauka tena, na mchezo huu unaweza kwenda miaka kadhaa mpaka mzizi uwe na nguvu za kusukuma shina lisilokufa. Sasa fikiria mwanafunzi wa darasa la tano aliyepewa mninga wake autunze. Agosti anauona umekauka, anaambiwa aung'oe apande mwingine. Ameng'oa mti ulio hai. Kwa hiyo kwenye mpango wangu kila mninga una mambo iliyopakwa rangi, na kanuni iliyoandikwa: usiguse kwa miaka mitano hata kama huoni kitu.

Kuna jambo jingine la chini ya ardhi. Mitundu, mikusu na ndugu zao wengi huishi kwa ushirika na kuvu wanaofunika ncha za mizizi, kuvu wanausaidia mti kupata madini na mti unawapa chakula. Uyoga tunaookota mvua zikianza chini ya miombo ni matunda ya kuvu hao. Ukijaza viriba vyako udongo wa kando ya barabara, miche ya jamii hii inadumaa. Ukichanganya na madebe machache ya udongo kutoka chini ya miti mama, umeipa mtaji. Bibi alisema hayo kwa maneno machache zaidi: mkusu haupendi kwenda ugenini peke yake.

Mkusu pia una haraka zake. Masuku huiva karibu na mwanzo wa mvua, na mbegu zake hazihifadhiki, zikikauka zimekwisha. Unakula tunda, unaosha mbegu, unasia wiki hiyo hiyo. Mkora ni kinyume chake: mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, ngumu kama jiwe, inakaa muda mrefu. Hiyo unaitoa kofia, unakwaruza ganda kidogo upande wa pili ili maji yaingie, unailoweka usiku kucha. Mkuyu wala hauhitaji mbegu. Tawi nene kama mkono, likichomekwa ardhi yenye unyevu karibu na kijito, lina nafasi nzuri ya kushika.

Na kwa nini miti hii? Mnyama hali wastani wa mwaka, anakula mwezi huu. Pori linaweza kuwa na matunda tele Desemba na njaa Julai. Nilichora jedwali la miezi kumi na mbili, nikajaza mti gani una nini lini. Masuku na mbula hujaza mwanzo wa mvua, matonga yanaanza kabla yake. Mapengo ya kiangazi yanazibwa na mkuyu, ambao huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ndege wanaokuja kwenye mkuyu mmoja huacha chini yake mbegu za miti mingine waliyokula kwingine, kwa hiyo mikuyu minne niliyoipanga kando ya kijito ni kitalu cha bure.

Vichaka ndivyo tunavyovisahau. Klabu ikisema imepanda miti, inamaanisha mistari: mti, mti, mti, kama gwaride. Kwanga, kanga, kwale, sungura na nsya wanataka pa kujificha zaidi ya kivuli. Mchongoma wenye miiba na matunda yake unafaa kuliko mti mrefu ulio peke yake. Hivyo nimepanga makundi, si mistari: makundi kumi na mawili katika ekari nne za chini, kila kundi miche kumi na mitano, vichaka pembeni na miti katikati. Jumla ni miche 180. Kwa mistari ya mita mbili na nusu kila upande, ekari nne zingetaka zaidi ya miche 2,500. Nani ataipalilia? Hesabu ya miche igawanye kwa mikono iliyopo Februari, wakati kila mtu yuko shambani kwake, ndipo utajua idadi yako halali.

Sasa majirani. Huku kwetu hatupo kwenye njia kuu ya tembo. Hiyo iko mashariki, Namtumbo na Tunduru, kwenye ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji, ambako vijiji vina jumuiya za hifadhi kama Mbarang'andu na Nalika. Sisi wageni wetu ni nyani na ngedere, na kwa mkulima wa mahindi hilo si dogo. Mahindi yakianza kukomaa, Februari hadi Machi, watoto hukosa vipindi kwa sababu wamewekwa kulinda shamba. Mwalimu anaandika mtoro, mzazi anaandika gunia. Ukipanda mti wa matunda mita tano kutoka kwenye shamba la jirani umemwongezea mtoto wake siku za utoro, hata kama fulana yako imeandikwa maneno mazuri. Kwa hiyo upande wa shamba nimeacha ukanda wa mita ishirini wa majani yanayofyekwa, hauna kichaka wala tunda, ili nyani aonekane kabla hajafika. Kuna wenzetu walinipa wazo la uzio wa mizinga ya nyuki, ule aliofanyia utafiti Lucy King kule Kenya. Ni wazo zuri kwa tembo. Mizinga nitaitundika, lakini kwa ajili ya asali.

Kuhusu mikaratusi, baba mdogo ana hoja, ada hazilipwi kwa kwale. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, na mkaratusi ni mnywaji hodari. Nilipopima kwa kamba kutoka kwenye chemchemi na kutoka kijitoni, karibu ekari mbili za juu ndizo zilizobaki salama kwa nguzo. Hizo nimeziandika jina lake kwenye ramani. Kikao cha ukoo kinakaa mwisho wa Julai, na nadhani atazikubali, ingawa tayari ameuliza kwa nini bibi apate nne.

Moto ndio utakaoamua kama haya yote yatakuwa ramani tu. Barabara ya moto lazima ifyekwe kabla majani hayajakauka sana, maana moto wa Septemba ni mkali kuliko wa Juni na unaua hata machipukizi ya kisiki. Hapo utahitaji makubaliano na serikali ya kijiji na wawindaji wa panya, ambao ndio huwasha. Mimi nilianza na wawindaji. Wanajua pori kuliko mtu yeyote, na ndio walionionyesha mikora mitatu ya mbegu.

Tutapanda udongo ukiwa umelowa mpaka kiwiko kizame, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Hiyo kwa kawaida ni kati ya katikati ya Desemba na wiki ya kwanza ya Januari, wakati vyuo vingi haviko kwenye mitihani ya mwisho wa muhula, nimeangalia. Palizi ya kisahani mara mbili, Januari na Machi. Kisha tunahesabu mara mbili: Juni, na tena Novemba kabla ya mvua. Hesabu ya Novemba ndiyo itakayoandikwa kwenye ripoti. Ile ya siku ya kupanda inaonyesha tu tulikuwa na miche mingapi kwenye gari.

Ukiwa mwalimu wa hesabu, hapo una asilimia, ukiwa wa biolojia una mizizi, na shule zetu zimekuwa na mashamba tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Mashimo yanachimbwa wiki ya pili ya Oktoba, sentimeta sitini kwa sitini, udongo wa juu ukiwekwa pembeni. Wanaotaka kuja waje na sururu. Jembe la mkono haliuwezi udongo wa Oktoba.