Bakteria wa Ngozi na Usugu wa Dawa katika Mguu Uliovimba

Ngozi ya binadamu ni makazi ya bakteria wengi, na kwa kawaida hawatudhuru. Madhara huanza wapatapo njia ya kupenya ndani ya mwili. Ugonjwa wa matende, unaojulikana sana katika mwambao wa Tanzania, ni mfano wa jambo hili.

Matende husababishwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Minyoo hao hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, na maji ya mwili yakosapo njia, mguu huvimba. Ngozi hupasuka, hasa katikati ya vidole, ambako fangasi huongeza nyufa. Hapo ndipo bakteria waitwao streptokoki na stafilokoki huingia. Mgonjwa hushikwa na homa na mguu huuma. Kila shambulio huzidi kuiharibu mishipa, hata kama minyoo wamekwisha kufa.

Shambulio hutibiwa kwa viuavijasumu, kama vile penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928. Streptokoki wa kundi A wangali wanauawa na penisilini. Lakini stafilokoki wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja. Dawa haiwafundishi bakteria usugu. Huwaua walio dhaifu, na kuwaachia nafasi wachache wenye jeni za usugu. Bakteria mmoja akijigawa kila dakika 30, na chakula kikitosha, baada ya saa 10 watakuwa 1,048,576.

Basi mwenye kushambuliwa mara kwa mara hutumia dawa mara nyingi, na kila mara bakteria sugu hupata nafasi. Kinga yake ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha katikati ya vidole, kutibu nyufa na kuvaa viatu. Mashambulio yakipungua, dawa nazo hupungua. Dawa itumiwe kama mganga alivyoagiza.

Mwanafunzi wa Nyasura, Bunda, aliye mbali na mwambao, asidhani somo hili halimhusu. Maradhi ya moyo, figo au mishipa ya damu pia huvimbisha miguu, na bakteria hupitia nyufa zile zile.

Maswali

1. Kwa nini mguu huweza kuzidi kuvimba baada ya minyoo kufa?
2. Bakteria mmoja akijigawa kila dakika 20, watakuwa wangapi baada ya saa 4?
3. Eleza jinsi sabuni inavyosaidia kulinda nguvu ya dawa.