Redio za Kompyuta Zisizokubali Kuzimika

Somo kwa makatibu na vikundi vya kujisomea

Vyama vingi vya msingi sasa hutunza orodha ya wanachama na hesabu za malipo katika kompyuta mpakato. Ndani ya chombo hicho mna redio mbili ndogo. Ya kwanza ni ya Wi-Fi, ambayo huiunganisha kompyuta na intaneti. Ya pili ni ya Bluetooth, ambayo huiunganisha na vyombo vilivyo karibu kama simu na printa. Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha katibu kujua la kufanya pindi redio hizo zinapokataa kuzimika.

Hasara inayoweza kutokea

Kwa mfano, katibu wa chama cha kahawa ameiunganisha kompyuta na simu ya ofisi ili apeleke taarifa ya mapokezi. Kazi ikiisha, anabonyeza kitufe chenye picha ya ndege, kisha anaendelea kuandika orodha ya malipo. Hajui kwamba Wi-Fi ingali inafanya kazi, na kompyuta inapakua marekebisho ya programu kimyakimya. Jioni kifurushi kilichonunuliwa kwa fedha za chama kimekwisha. Kesho yake mweka hazina anauliza kimetumikaje, na katibu hana jibu. Hivyo kasoro ya chombo hugeuka kuwa shaka juu ya mtu.

Hatua ya dharura ni nyepesi: katibu azime huduma ya kugawa intaneti kwenye simu yenyewe. Matumizi yatakoma papo hapo, naye atapata nafasi ya kutafuta kiini cha tatizo kwa utulivu.

Kuthibitisha kwanza

Taa pekee haitoshi kuwa ushahidi. Katika kompyuta nyingine taa ikiwaka maana yake redio zinafanya kazi. Katika nyingine taa ya kitufe cha ndege ikiwaka maana yake redio zimezimwa. Kwa hiyo katibu afungue orodha ya mitandao ya Wi-Fi. Ikiwa majina ya mitandao ya jirani yanaonekana na kubadilika, redio ingali hai. Aidha, atazame kwenye simu kama kompyuta ingali imeunganishwa.

Milango mitatu

Amri ya kuzima hupita milango mitatu. Ifuatwe mmoja baada ya mwingine, na kila badiliko liandikwe daftarini.

1. Swichi na kitufe. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo ubavuni au mbele. Nyingine hutumia kitufe cha safu ya juu ya kibodi, ambacho mara nyingi hubonyezwa pamoja na kile kilichoandikwa Fn. Kitufe hicho huhitaji programu ya mtengenezaji ili kifanye kazi. Programu hiyo ikikosekana, kama inavyoweza kutokea baada ya Windows kuwekwa upya, kitufe hubonyezwa bila matokeo.

2. Mfumo endeshi. Katika Windows, katibu afungue mipangilio ya mtandao na kutazama hali ya ndegeni, kisha Wi-Fi na Bluetooth kila moja peke yake. Wi-Fi yaweza kuwashwa tena hata hali ya ndegeni ikiwa imewekwa. Tena, Windows 10 humpa mtumiaji nafasi ya kuagiza Wi-Fi iliyozimwa ijiwashe yenyewe baada ya saa 1, saa 4 au siku 1. Basi achague kuiwasha kwa mkono tu. Katika Linux, amri ya rfkill huonyesha kama redio imefungwa na programu au na swichi.

3. Kifaa chenyewe. Milango miwili ya kwanza ikishindwa, afungue orodha ya vifaa vya kompyuta na kukisimamisha kifaa cha Wi-Fi, kisha cha Bluetooth. Kompyuta nyingi za ofisi pia huruhusu redio kufungwa katika mipangilio ya awali, ile inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza. Hapo redio haitawaka mpaka mipangilio hiyo irudishwe.

Kuzima na kuwasha upya

Ifahamike kwamba kuzima kompyuta kwa kawaida huenda kusiondoe kosa. Windows ina utaratibu wa kuwaka haraka, ambao huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo wakati wa kuzima. Amri ya kuwasha upya ndiyo huanza mfumo mzima upya. Hiyo itumike baada ya kila jaribio. Yote yakishindikana, nakala ya hesabu ihifadhiwe pembeni kabla ya kompyuta kupelekwa kwa fundi, pamoja na daftari la yale yaliyokwisha jaribiwa.

Katibu anayefuata utaratibu huu haokoi kifurushi tu. Mweka hazina akiuliza, atakuwa na maelezo yaliyoandikwa, na wanachama wataona kwamba mali yao inatunzwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika kompyuta ya chama chenu, taa ya kitufe cha ndege ikiwaka ina maana gani?
2. Kwa nini inafaa kuzima mgao wa intaneti kwenye simu kabla ya kuanza kuchunguza kompyuta?
3. Nani katika chama huandika matumizi ya kifurushi, na nani huyakagua?