Gemu Linalokungoja

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba kaka yako anakucheka kwa sababu kila ukishika gemu la risasi unakufa kabla hujajua bunduki iko wapi, karibu, vuta kigoda. Umesema laptopu yako ni ya mtumba, feni yake inaguruma kama mashine ya kusaga, na unatafuta gemu lenye hadithi lisilokukimbiza. Basi mlango uliobisha ndio wenyewe. Vidole vyangu mimi ni vizito kuliko vyako.

Upo ukoo wa magemu ya zamani ambayo unaongoza kikosi cha wasafiri, kwa kawaida sita, na unaona kile wanachokiona wao: ukuta mbele, mlango kushoto, giza. Mnatembea mraba kwa mraba. Mkikutana na adui, kila mmoja ana zamu yake, kama bao: mwenzako hagusi kete wakati wewe bado unahesabu mashimo. Unaweza kuliacha joka limekukodolea macho, ukaenda kuupalia wali, ukarudi ukalikuta palepale na mdomo wazi.

Sasa, ukiuliza wajuzi watakwambia uanze na Wizardry, maana ndiyo shina. Walilitunga Andrew Greenberg na Robert Woodhead, likatoka mwaka 1981 kwa kompyuta za Apple II. Soma majina yao kinyumenyume utapata Werdna, mchawi mwovu aliyejificha chini kabisa, na Trebor, mfalme kichaa anayekutuma kwake. Wajapani walilipenda mno, na gemu lao la Dragon Quest la mwaka 1986 lilikunywa kisima hichohicho. Heshima yake naijua. Lakini usianze nalo, na nitakwambia kwa nini.

Nilipolianza, kikosi changu nilikipa majina ya jamaa zangu. Mjomba mpiganaji, Shangazi kasisi, Binamu mwizi (nina sababu zangu). Tukateremka ghorofa ya kwanza, na muda si muda wote sita wakalala chini. Gemu hilo halina cha “samahani, nirudishe nyuma”. Maiti zinabaki mlemle pangoni, nawe unaunda kikosi kipya kwenda kuzibeba. Nikaunda, wakaenda kwa kunyata, wakamrudisha Shangazi peke yake. Hekaluni wanafufua kwa malipo, ila ufufuo ukishindikana mtu anageuka majivu, na majivu nayo yakishindikana ndiyo basi, jina linafutika. Nililipa mara mbili. Shangazi akafutika. Nilifunga laptopu, na kwa wiki nzima nikawa naona aibu kumpigia simu shangazi yangu wa kweli.

Wewe anza na World of Xeen. Ni magemu mawili ya Jon Van Caneghem na kampuni yake ya New World Computing: Clouds of Xeen la mwaka 1992 na Darkside of Xeen la 1993. Dunia yenyewe ni bapa kama chapati. La kwanza linachezwa upande mmoja, la pili upande wa pili, na ukiyaweka yote katika kompyuta moja yanaungana, unavuka huku na huku, na inafunguka hadithi ya tatu ambayo haimo katika lolote kati yake likiwa peke yake. Sijaona ujanja mzuri kama huo tangu hapo.

Ninalipendekeza kwa sababu linakufundisha bila kukuchapa. Unahifadhi safari yako karibu popote. Ramani inajichora, mradi mmoja wenu awe na ujuzi huo, kwa hiyo utafute mapema. Adui unamwona angali mbali. Ukipiga hatua naye anapiga, ukisimama naye kasimama. Kwa hiyo fedha za mwanzo usizimalizie kwenye mapanga yanayong'aa. Nunua pinde, kila anayeweza kuutumia awe na wake, ili adui akifika karibu awe tayari anachechemea. Mji wa kwanza, Vertigo, umevamiwa na wadudu, na kuwaangamiza ndicho kibarua chako cha kwanza. Rangi zake ni za kitoto, vichekesho vingine vimechacha, lakini feni yako haitapiga kelele. Linauzwa hadi leo kwenye duka la mtandaoni la GOG, pamoja na ndugu zake wa mfululizo wa Might and Magic, na linakuja na DOSBox, ile programu inayoidanganya kompyuta yako ijione ya zamani. Usikubali kaka yako akuletee nakala kwenye flashi asiyojua ilikotoka. Utapata virusi, hutapata Xeen.

Ukimaliza hapo, rudi kwa Wizardry, sasa ukiwa na akili. Watatu wa mbele ndio wanaoweza kupiga kwa silaha na ndio wanaopigwa, kwa hiyo kasisi ukimweka mbele mvalishe vizuri. Mchawi mchanga ana uchawi wa mara mbili tu: tumia KATINO, wa kuwalaza maadui usingizi, kuliko HALITO wa moto. Kisha rudi mjini. Ndiyo, baada ya vita moja au mbili, rudi. Nyumba ya wageni ina vyumba vya bei za kila aina, lakini zizini kulala ni bure, na uchawi unarudi vilevile. Mlaze kasisi na farasi, aamke, awatibu wenzake, arudi tena zizini.

Na uchore ramani kwa mkono. Kila ghorofa ni miraba 20 kwa 20, zinatosha karatasi kumi za grafu na penseli yenye kifutio. Kuna sehemu zinazokuzungusha kimyakimya, ukidhani unakwenda kaskazini kumbe unarudi ulikotoka. Ramani ikianza kugongana na yenyewe, simama, piga uchawi wa DUMAPIC, utakwambia uko wapi. Toleo jipya la kampuni ya Digital Eclipse, la mwaka 2024, linakuchorea ramani na kupamba picha, huku pembeni likikuonyesha gemu la zamani linavyoendelea. Zuri, ila si la laptopu yako.

The Bard's Tale la mwaka 1985 nalipenda kwa mwimbaji wake tu, ambaye koo likimkauka lazima apelekwe kilabuni akanywe ndipo aimbe tena. Mengine yamenichosha. Wizardry 8, la mwaka 2001, liweke kwa ajili ya likizo: watu wako wana sauti na tabia, wanalalama wanapochoka, lakini pambano moja linaweza kula nusu saa.

Mimi nina Shangazi wa pili sasa. Alishafika ghorofa ya nne, ameshapata utepe wa bluu unaoruhusu kupanda lifti moja kwa moja hadi ya 9, bila kupita zile za katikati. Mwezi wa tatu huu nimemlaza zizini. Kila nikitaka kumteremsha nakumbuka majivu.