Kofia ya Dinamo ya Ndege

Katika miaka ya 1930 warusha ndege wa Marekani waliongozwa usiku na mawinguni kwa simu ya upepo. Aliyepotoka upande mmoja alisikia herufi A, yaani mlio mfupi na mrefu. Aliyepotoka upande wa pili alisikia N, mrefu na mfupi. Akiwa njiani sawasawa, milio hiyo iliungana ikawa mmoja usiokatika. Kama mlio huo ungalifunikwa na makelele, angaliijuaje njia, na milima i mbele yake?

Makelele mengine yalitoka ndani ya ndege yenyewe. Dinamo itoayo umeme ilikuwa na vipande vya kaboni vilivyosugua shaba izungukayo, na hapo ziliruka cheche ndogo. Tena Mjerumani Heinrich Hertz alikwisha kuonyesha mwaka wa 1888 ya kuwa cheche hutoa mawimbi ya umeme. Mawimbi hayo yalitokea pale nyaya zinapofungwa kwenye dinamo, yakafuata nyaya, yakaingia katika simu, yakasikika kama mafuta yakaangwayo.

Dawa yake ni kufunika mahali pale kwa kofia ya madini, na nyaya kuzivika ala ya nyuzi za madini zilizosukwa. Lakini kofia hiyo sharti ishikane na mwili wa ndege, madini kwa madini. Fundi asipokwangua rangi iliyo chini yake, mawimbi huponyoka. Fundi mvivu hulisahau jambo hilo, maana kwa macho kofia imefungwa vema.